Michango ya kifafa kwetu Mahenge: fulana za zambarau au vidonge vya mwezi ujao?

#1 · Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za majukumu.

Kundi letu la WhatsApp la watu wa Ulanga tunaoishi Dar na Morogoro mjini limechafuka, na mimi niliyeshika daftari la michango ndiye ninayebebeshwa lawama za pande zote mbili. Nimeona nilete huku, huenda wasio na undugu nasi wakatuamulia vizuri zaidi.

Suala lenyewe ni hili. Tunachangishana kuwasaidia wenzetu wanaoishi na kifafa kule Mahenge. Nusu ya kamati inataka matembezi ya hisani tarehe 26 Machi, siku ambayo watu huvaa zambarau kwa ajili ya kifafa. Fulana, maturubai, muziki, mgeni rasmi, ahadi zisomwe kwenye kipaza sauti, na saa tisa kila mtu na sahani yake ya pilau. Nusu nyingine, nikiwemo, inataka kila mmoja atoe elfu mbili hadi tano kila mwezi, kimyakimya, bila kikomo.

Najua mchango usio na shughuli haunogi. Sisi ni watu wa kamati bwana. Harusi ina kadi, msiba una daftari na mtu wa kuandika, hata kipaimara siku hizi kina mwenyekiti na katibu. Ukimwambia mtu atoe kila mwezi na hakuna siku ya kukaa meza kuu, anakuona unamdai. Lakini ugonjwa wenyewe dawa yake inamezwa kila siku, Krismasi na Pasaka zikiwemo.

Kwa wasioijua Mahenge: ni milimani, kusini mwa Morogoro, na kifafa kwetu ni jambo la vizazi. Daktari Mnorwei, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa pale tangu miaka ya 1960, wakati wagonjwa wengi walikuwa wakitengwa, wakilala peke yao na kula peke yao. Ndiye pia aliyeandika kuhusu watoto wanaotikisa kichwa kwa kukiangusha mbele, hali ambayo baadaye iliwashughulisha wataalamu Uganda na Sudan Kusini. Utafiti uliofanyika vijiji vinne vya Mahenge mwaka 2017 ulikuta asilimia 2.5 ya watu wana kifafa. Vijiji vya ndani vilifika asilimia 3.5, vile vya karibu na mji 1.5. Chukua kijiji cha watu elfu mbili uzidishe mwenyewe.

Kwa nini kwetu? Kubwa ni usubi. Mito ya kwetu inakwenda kasi, vile vinzi vyeusi vidogo vinazaliana humo, vikiuma vinaacha minyoo mwilini. Tulizoea kuambiwa usubi ni wa macho na ngozi. Sasa inafahamika kwamba penye usubi mkali uliokaa muda mrefu bila kudhibitiwa, kifafa cha watoto na vijana hujaa. Namna hasa minyoo inavyofika kuharibu ubongo wataalamu bado wanaichimba.

Sasa nirudi kwenye pesa. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi na kuitumia ipasavyo, na dawa ya bei ya chini kabisa kwa mwaka mzima inaweza kugharimu dola 5. Kwa shilingi zetu ni elfu kumi na mbili, kumi na tatu hivi. Fulana moja ya matembezi, yenye maandishi mbele na nyuma, ni bei hiyohiyo au imezidi!

Lakini dola 5 hiyo ni bei ya kidonge tu, haina nauli ndani yake. Nikiwa likizo nilimsindikiza shangazi kliniki, tukakaa foleni na mama mmoja aliyetoka kijiji cha ndani na kijana wake. Akafungua fundo la kanga, akatoa kile kibahasha cha dawa kilichoandikwa 1×1, yaani kimoja kwa siku. Ndani kulikuwa na nusu nusu. Alikuwa akivikata vile vidonge kwa wembe ili vifike siku ya kliniki, maana mwezi uliotangulia hakuwa na hela ya bodaboda. Kijana mkono wa kushoto una kovu la moto, vidole viwili vimeshikana. Mama hakuwa mzembe, hesabu yake ilikuwa imenyooka kabisa: vidonge thelathini, siku sitini. Tatizo ni kwamba nusu dozi haizuii kuanguka, na ukikatisha ghafla kinaweza kurudi mfululizo hadi mtu akafa.

Ndiyo maana nasema milioni tatu za siku moja, kisha kimya hadi Machi nyingine, hazimfai yule mama. Laki mbili zinazoingia kila mwezi bila kukosa zinamfaa. Nipingeni.

#2 · Temeke

Mkuu umeandika vizuri ila mimi nina swali la kienyeji: hizo laki mbili anazishika nani? Nimechangia madawati, nimechangia kisima, nimechangia matibabu ya mtu ambaye baadaye tulimkuta bar anacheza pool. Mchango wa kila mwezi kwangu ni kuliwa kila mwezi.

#3 · Mwanzisha uzi

Haki yako kuuliza. Pesa zinaingia kwenye lipa namba ya kikundi, siyo namba ya mtu. Kutoa kunahitaji watu watatu, mmoja wao hana undugu na wawili wengine (tulihangaika kumpata, Wapogoro wote tunaitana binamu). Kila mwisho wa mwezi napiga picha ukurasa wa daftari na kuuweka kundini ukiwa na risiti zake. Katiba ya kikundi iko kwa afisa maendeleo ya jamii.

Na hatumpi mgonjwa fedha mkononi. Nauli analipwa dereva wa bodaboda ambaye kliniki inamjua, baada ya kumfikisha. Huo ndio utaratibu, kama una bora zaidi lete.

#4 · Mbeya

Naweka kambi hapa.

#5 · Dodoma

Samahani kama nitawaudhi. Kwetu tuliambiwa mtu akianguka usimsogelee, yale mapovu yakikugusa umekwisha. Na ni mambo ya ukoo, kuna kitu babu aliacha bila kutimiza. Hospitali mtazunguka sana.

#6 · Ifakara

Mimi ni muuguzi na nitajibu bila ukali maana hata wazee wangu waliamini hivyo. Nimeshika watu wenye mapovu zaidi ya navyoweza kuhesabu, sijaanguka hata siku moja. Mapovu ni mate yaliyochanganyika na hewa, basi. Hiyo imani ndiyo inayowaunguza watoto: mtu anaangukia jikoni, watu kumi wamesimama wanatazama, hakuna wa kumvuta.

Akianguka: ondoa vitu vya hatari, weka nguo laini chini ya kichwa, mlaze kwa ubavu mate yatoke, angalia saa. Usimshikilie kwa nguvu, usimwagie maji, na kijiko USIMTIE mdomoni, mnavunja watu meno bure. Ikizidi dakika 5, au akianza kingine kabla hajazinduka, mkimbize hospitali.

La ukoo: kwa baadhi ya watu kurithi kumo kweli. Lakini ninaowaona mimi wengi ni waliochelewa kulia walipozaliwa, malaria iliyopanda kichwani, ajali za pikipiki, na huo usubi. Babu mwacheni apumzike.

#7 · Arusha

Natia neno upande wa pili, maana naona mwanzisha uzi amezibeza fulana mapema mno.

Hapa Kaskazini, wilaya ya Hai, watafiti waliwatafuta wenye kifafa nyumba kwa nyumba, wakakuta karibu theluthi mbili hawako kwenye matibabu. Hebu tafakari. Mwanzisha uzi anawapigia hesabu waliopo kwenye foleni. Wale waliofichwa chumba cha uani, hata ukijaza dawa kabati zima, nani atazimeza? Kwetu kulifanyika matembezi madogo tu, ya shule na kanisa, na wiki zilizofuata wazazi wakaanza kujitokeza na watoto ambao majirani hatukujua kama wapo. Ngoma ya shule ilifanya kazi ambayo kidonge hakiwezi.

#8 · Mwanzisha uzi

Hii hoja ni nzito na sitaipiga chenga. Nitauliza kitu kimoja tu: matembezi yenu yalipita wapi? Maana ramani iliyoletwa kwenye kamati yetu inaanzia Coco Beach, Dar. Nani Coco Beach amemficha uani mtoto wa Msogezi, kijijini Ulanga?

Kama ni kuwafichua waliofichwa, twende tukatembee kulekule, siku ya gulio, na ngoma ya kwetu. Gharama yake ni mafuta ya gari moja na spika ya kukodi. Na makusanyo tayari tuna njia yake: Jumapili parokiani, baada ya misa, jogoo anapigwa mnada, anafika elfu sitini, aliyemnunua anamrudisha apigwe tena. Jogoo mmoja nimeona ameuzwa mara nne na bado aliondoka hai.

#9 · Kilifi

Hamjambo nduguzetu wa Bara huko. Nasoma uzi huu nikiwa Kilifi, ambapo watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, wamechunguza kifafa miaka mingi. Kwenye ule utafiti mkubwa wa nchi tano uliochapishwa 2013, Kilifi tulipatikana na watu 7.8 kwa kila elfu, na nyie wa Ifakara 14.8, mkatushinda sote hadi Ghana. Kwa hivyo mnayoyasema si porojo.

Kwetu harambee tumezichoka, zimekuwa za wanasiasa. Mheshimiwa anakuja, anatoa bahasha, kamera zinapiga, kesho yake hata chenji huoni. Linalokwenda ni chama cha akina mama. Mtaani kwetu wanaweka hamsini hamsini kila wiki, na wakakubaliana wenyewe kwamba wa kwanza kutolewa ni nauli ya kliniki ya watoto wawili wenye kifafa, kabla ya mtu kuomba mkopo wa biashara. Ukimuuliza mama pale chama chao kinasaidia kifafa, atakwambia hapana, kinasaidia Mapenzi na Kahindi, ndio wale watoto wawili. Hawana fulana, lakini hakuna mwezi walioruka.

#10 · Kariakoo

Wakuu mbona mnazunguka? Nina connection ya dawa bei ya jumla. Chukueni makopo kadhaa, mkaweke kwa mwenyekiti wa kijiji, kila mtu apite kuchukua. Nauli mmeiua.

#11 · Morogoro

Mfamasia hapa. Ndugu yangu wa Kariakoo, hilo ndilo litakalowafunga.

Fenobabitoni, ambayo ndiyo ya bei nafuu na ndiyo wengi wa vijijini wanaitumia, iko chini ya udhibiti wa kimataifa tangu mkataba wa 1971 kwa sababu inalewesha na kuzidisha kwake kunaua. Haikai kwa mwenyekiti wa kijiji, wala huipati kihalali kwa kumjua mtu. Halafu dawa za kifafa si Panadol. Sodiamu valproeti ni nzuri lakini ina hatari kubwa kwa mtoto aliye tumboni, binti wa umri wa kuzaa hapewi hivihivi. Kabamazepini inagongana na baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango na baadhi ya dawa za VVU. Ukimbadilishia mtu kwa sababu hii imeisha na ile ipo, unaweza kumwangusha aliyekaa miaka bila kuanguka.

Kikundi kinachotaka kusaidia kifanye hivi: mwende kwa mganga mfawidhi mkiwa na barua, mfamasia wa hospitali awaambie dawa gani hukatika na miezi gani. Bohari ya Dawa ikikosa, hospitali ina utaratibu wa kununua kwa msambazaji mwenye kibali. Pesa yenu ilipe ankara hiyo, mzigo upokelewe stoo ya hospitali, uingie kwenye leja. Nyie mnabaki na nakala. Kidonge kisipite mikononi mwenu hata kimoja.

#12 · Temeke

Hapo kwenye leja ndipo nimeanza kuwaelewa.

#13 · Ulanga

Mimi nipo nyumbani hukuhuku, siyo Dar. Mwanangu wa kike alianza akiwa na miaka minane, sasa ni msichana mkubwa.

Nawashukuru kwa kutufikiria ila naomba mniskilize mambo matatu ambayo hamjayataja.

Dawa anapata. Kilichonitesa ni shule. Alianguka darasani mara mbili, mwalimu akaniambia nikae naye nyumbani hadi apone. Apone lini? Mkienda kutembea na ngoma yenu, anzieni shuleni na mkae na walimu, siyo sokoni tu.

La pili ni moto. Jiko la mafiga matatu liko chini, mtoto akianguka anaangukia makaa. Fundi alinijengea la udongo lililoinuka hadi kiunoni, limezungukwa, sufuria inakaa ndani ya tundu. Udongo ni bure, nilimlipa kazi yake tu. Tangu hapo napika bila kumfungia mtoto ndani. Nyumba ngapi zina mgonjwa na bado zinapikia chini? Hilo ni jambo la kuchangia mara moja na likaisha, tofauti na dawa.

La tatu, msituimbe majina. Mwaka fulani walikuja watu na kamera, wakampiga picha binti yangu amelala chini anatetemeka, wakasema ni ya kuombea msaada. Sijui ipo wapi leo. Atatafuta mchumba huyu, mjue.

#14 · Mwanzisha uzi

Mama, shikamoo. Nimechukua yote matatu na nimeyabandika kundini neno kwa neno, jina lako halimo. La jiko sikuwahi kulisikia kwenye kamati hata siku moja, na tuna wahandisi wawili mle.

#15 · Manyara

Kwetu Mbulu hakuna usubi wa kutisha ila kifafa kipo tele, na sehemu yake ni tegu ya nguruwe, yule mnyoo bapa wa tumboni. Mtu mwenye tegu anajisaidia porini, mayai yanafika kwenye maji au mboga, mwingine anayala, mabuu yanakwenda kukaa kwenye ubongo. Siyo lazima uwe mla kitimoto, wanaokula mboga isiyooshwa wanapata pia. Kwa hiyo huku ukiniuliza mchango wa kifafa uende wapi, nitakwambia choo na banda la kufungia nguruwe. Mkusanye kulingana na kinacholeta kwenu.

#16 · Ifakara

Muuguzi tena. Mwenzangu wa Manyara kanikumbusha: kwa Ulanga kinacholeta kina kinga, na ni ya bure. Mectizan, dawa ya usubi, inagawiwa vijijini, na kuanzia 2019 Mahenge iliwekwa kwenye mpango wa mara mbili kwa mwaka badala ya moja. Mgawaji anakuja na ubao wake, anakupima urefu, anakupa vidonge kulingana na kimo, unameza mbele yake. Wengi wanakwepa kwa sababu mwaka wa kwanza walivimba na kuwashwa wakajua dawa ni mbaya. Vijana ndiyo wagumu zaidi, wako shamba au machimboni.

Nyie wa Dar mna simu. Wiki ya kingatiba mpigie kila mdogo wako mmoja mmoja umuulize amemeza? Haihitaji mchango.

#17 · Arusha

Mwanzisha uzi, sasa mmeamuaje? Usituache njiani.

#18 · Mwanzisha uzi

Tumekaa jana usiku, kwa simu, hadi mama watoto akanizimia taa.

Mchango wa kila mwezi umepita. Matembezi nayo yamepita, ila yamehamia Mahenge, na hayatagusa hata shilingi ya daftari: wanaoyataka watafute mfadhili au walipie fulana zao wenyewe. Wameanza na shule mbili. Sikupata nilichotaka chote, nao vilevile.

Majiko tumeyaweka kuwa mradi wa jogoo, kinachopatikana mnadani kinaanza na nyumba ambazo mgonjwa amekwishaungua. Bima tumebishana tukaahirisha. Wakati CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, ikiwa elfu thelathini kwa kaya ya watu sita hesabu ilikuwa rahisi, sasa na hii Bima ya Afya kwa Wote tunasubiri tujue kaya zetu zinaangukia kundi gani kabla hatujamlipia mtu.

Aliyependekeza Coco Beach ametoka kundini. Atarudi, ni shemeji yangu.

#19 · Temeke

Weka basi hiyo lipa namba, nianze na elfu tano. Nikiona siku ya pili mtu anacheza pool nakuja huku na picha.

#20 · Mwanzisha uzi

Namba siweki hapa mkuu, kesho matapeli watabandika ya kwao chini yake. Kama una ndugu wa Ulanga muulize, atakuingiza kundini. Kama huna, elfu tano yako usiihangaishe hadi Mahenge. Nenda hospitali ya wilaya yako, uliza kliniki ya kifafa ni siku gani na dawa gani imekatika mwezi huu. Ukiondoka na barua ya mfamasia, wakusanye majirani zako watano.